Kigoda Kilichotoka Accra

Bawshar,
Maskati.
Ijumaa, 15 Novemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Thani,

Assalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Nnaomba barua hii ikukute umekaa barazani na si kitandani, na mkono wako wa kulia umetulia. Mjukuu wangu Afra ndiye aliyeniambia kuwa mkono ule siku hizi unatetemeka ukishika kikombe. Wewe hukuniambia. Wifi yangu Araba hajambo? Macho yake yamepata nafuu baada ya kutibiwa? Bado anakuficha chumvi? Mwambie aendelee kukuficha.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Goti langu la kushoto halikunjiki tena, nnasali juu ya kiti. Sukari imepanda kidogo kwa sababu ya halwa, na halwa sikuiacha wala sikusudii kuiacha. Joto limetuondokea, tangu juzi tunafungua madirisha na kulala bila ya kiyoyozi. Mwanangu Sami bado anakwenda ofisini Al Khuwair kila asubuhi, na kila jioni anarudi na hadithi ya foleni ya magari, hadithi ile ile.

Nnakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumba hii imekuwa yako wewe na mjukuu wangu.

Umeniomba, kwanza kwa mdomo wa Afra kisha kwa mdomo wa Sami, nimpe mtoto ruhusa aje kwako Accra mwaka mzima asome muziki. Sami kasema atakaloamua Bibi ndilo litakalokuwa. Basi wote wakawa wananyamaza nikipita, na chai yangu ikawa inaletwa kabla sijaiomba. Jawabu nnalo, na limo ndani ya barua hii. Lakini usiruke kurasa, Thani. Nnakujua. Ulikuwa ukisoma mwisho wa kitabu kwanza, halafu unatuhadithia sisi ambao hatujafika.

Kwanza nna jambo la kigoda.

Mwezi wa Septemba lilikuja sanduku kubwa, jina la mpelekaji ni lako. Mpelekewa aliandikwa Sami, kwa hivyo kilichokuwemo kingeweza kuwa cha mtu yeyote humu ndani. Afra alikuwa Salalah kwa kazi. Sami akalifungua kwa nyundo, kikatoka kitu cha mbao nyeusi, mraba, kina miguu minne mifupi, na upande mmoja kimewambwa ngozi. Hapakuwa na hata kijikaratasi.

Wewe unajua kuwa mimi nnasoma. Nimesoma, tena si mara moja, kwamba huko kwenu kigoda ni heshima ya mtu mkubwa, kwamba mzee huwa na chake na hakikalii mwengine. Nikakitazama kile kitu. Nikasema moyoni: Thani kanikumbuka. Tangu tulipoachana, tumeonana mara moja tu, kule Makka, katikati ya watu, unanishika mkono huku unatafuta viatu vyako. Na sasa, uzeeni, ndugu yangu kanitumia kigoda. Niliingia chumbani nikalia kidogo. Nikaosha uso, nikatoka.

Nikaamuru kiwekwe majlisi, pale penye mwangaza, na ngozi ielekee ukutani kwa sababu ilikuwa na vinyweleo pembeni na haikupendeza. Nakitto, msichana wa Kiganda anayetusaidia nyumbani, akakipaka polishi mpaka kikawa kinang'ara. Kila wageni walipokuja nilikaa juu yake. Mbele yangu tende, halwa na kahawa, na mimi nimeinuka kidogo kuliko wenzangu. Bi Nawar, jirani yetu, ambaye ulimi wake umeshausoma katika barua zangu, alisimama mlangoni akanitazama.

"Bi Hamdiya, leo umekuwa sultani wa wapi?"

"Wa Ghana," nikamwambia. "Ndugu yangu kanitawaza."

"Na raia zako ni nani?"

"Wewe. Nimiminie kahawa."

Hivyo ndivyo nilivyotawala, Thani, mpaka Afra akarudi. Aliingia na mkoba bado begani. Wala salamu hakutoa.

"Ngoma yangu! Bibi, umekalia ngoma yangu!"

"Ngoma gani? Hiki ni kigoda changu. Kanitumia ndugu yangu."

"Bibi, hiyo ni gome. Babu Thani kanitumia mimi. Kweli inakaliwa, lakini ngozi inakuwa mbele ya mpigaji, anaipiga kwa mikono na kuikanyaga kwa visigino. Wewe umeipa mgongo!"

Jikoni nikamsikia Nakitto: "Eh! Na mimi nimeipiga polishi ya meza!" Na Bi Nawar, huku kashika kikombe chake, akasema polepole kwamba sultani kapinduliwa. Mzaha huo, kwa watu wa umri wetu na wa mji wetu, una uzito wake. Lakini nilicheka. Nilicheka kuliko wote, ili wasinitazame usoni.

Sasa nnakwambia neno lenyewe. Nna wivu na wewe. Si husda, maana hasidi humtakia mwenziwe akose, na mimi sikutakii ukose kitu. Nnataka na mimi nipate.

Ijumaa baada ya alasiri ilikuwa yangu. Tangu Afra ana umri wa kushika fidla, siku hiyo alikuja chumbani kwangu, mimi nikimwimbia nyimbo za kwetu na yeye akizitafuta kwenye nyuzi. Nikikosea yeye hunisitiri, akikosea mimi humwambia. Sasa Ijumaa baada ya alasiri anakaa na vidude masikioni, anacheka peke yake, anasema "Babu, rudia hapo." Mimi nnakaa upande wa pili na tasbihi. Akimaliza ananihadithia uliyomfundisha, kwa namna mtu anavyomhadithia mgonjwa mambo ya nje.

Basi nikaingia kusoma. Sikutaka kuhadithiwa. Usidhani sijui.

Nnajua kuwa mwaka 1800 Wamaruni wa Jamaika, watu waliokimbia utumwa wakaishi milimani wakapigana na Waingereza, walifikishwa Freetown baada ya kutupwa kwanza kwenye baridi ya Kanada, na kwamba walikuja na ngoma ya miguu minne inayokaliwa, wakiiita gumbe. Nnajua ikateremka pwani nzima, kila bandari ikiigeuza jina na umbo, mpaka ikafika kwenu mikononi mwa mafundi waliokwenda kutafuta kazi kisiwani Fernando Po wakarudi nayo. Nimesoma khabari za askari wa Karibi waliowekwa Cape Coast, mji wa wifi yangu, wakati Waingereza wanapigana na Waashanti. Wakiweka bunduki chini wakipuliza nyimbo za visiwa vyao, na vijana wa Kifante waliokuwa wamefundishwa beni za kizungu wakatega masikio. Wakachukua, wakachanganya na zao, na katika mchanganyiko huo mkawa mna mizizi ya hailaifu, dansi la huko kwenu, unayoipenda. Baadaye zikaja sahani za santuri kutoka Kuba, ikaja kalipso, ikaja rege. Na leo kijana wa nyumba ya nyuma akiwasha gari lake madirisha yangu yanatetemeka kwa nyimbo za Lagos, na nikisikiliza vizuri, chini yake pana Jamaika. Yeye hajui. Mimi nnajua, na goti langu bovu.

Lakini nilivyozidi kusoma ndivyo wivu ulivyozidi, na safari hii haukuwa juu yako. Tazama jambo hili. Watu walichukuliwa kwa nguvu kutoka pwani ile, wakavuka na midundo yao mwilini. Vitukuu vyao, au watu wa mfano wao, wakairudisha imebadilika, ina harufu ya nchi nyingine. Na waliobaki walipoisikia wakasema: hii tunaijua, hebu tuzidishe. Hakuna aliyeuambia mdundo kwamba lafudhi yake si ya hapa.

Sisemi msiba wao na wetu ni mmoja. Nimesoma vya kutosha kujua nani alifungwa minyororo na nani aliishika, na babu zetu hawakuwa upande wa waliofungwa. Nnayajua hayo, na bado moyo una lake. Mwaka 1972, tulipokuja hapa tukiambiwa tunarudi kwetu, niliingia duka moja Matrah kununua kitambaa. Nikasema Kiarabu changu. Mwenye duka akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikamtajia kabila letu na mji wa babu yetu. Akasema, naam, lakini wewe ni wa wapi? Nikanunua kitambaa nikatoka. Nimesomesha mabinti wa mji huu mpaka nikastaafu, nimezika mume hapa, na mpaka leo nikiingia duka nisilolizoea nnalitayarisha jawabu.

Kwa hivyo nnaionea wivu ngoma. Mwanamke wa miaka themanini na moja, anaionea wivu ngoma, kwa sababu yenyewe iliporudi ilikaribishwa.

Na wewe pia, kwa jambo ambalo hatukulisema Makka. Wewe ulitoka Unguja mwaka 1963 na sanduku, barua ya masomo mfukoni, baba kakushika bega mpaka forodhani. Miezi michache baadaye sisi tulitoka na nguo tulizovaa. Wewe mji wetu umebaki nao kama ulivyouacha, mzima. Mimi nnao kama nilivyouona mwisho. Mama alifia Mombasa, mkono wake katika mkono wangu, na jina alilokuwa akiliita ni lako. Sikuandikii haya ili uhuzunike. Nnakwambia tu kwa nini kigoda kilinifurahisha.

Sasa nije kwenye kosa lako.

Umemwambia Afra, na akanirejelea kama mtu anayesoma khutba, kwamba kwetu Malindi, Unguja, nyumba nzima ilikuwa taarabu ya mtindo wa Misri tu, na kwamba mdundo wa Kuba, ule wa tatu kisha mbili, uliusikia kwa mara ya kwanza Accra, kwenye dansi la wanafunzi, na ukahisi kwamba unaujua bila ya kujua kwa nini. Umemwambia kwamba jambo hilo limekushangaza maisha yako yote. Umelifundisha na kulifanyia utafiti, na jawabu hukulipata.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita hukushika simu. Nadhani ndiyo siku uliyopelekwa kwa daktari. Afra akakaa, hana la kufanya, akanitazama. Akaigeuza ngoma, ngozi mbele.

"Njoo ukae, Bibi. Kama ulivyokuwa ukikaa."

"Mimi nimeshapinduliwa."

"Nnakurejesha. Kaa."

Nikakaa. Akaniwekea mikono kwenye ngozi, akanionyesha kisigino kinavyokaza sauti na kuiachia. Mguu wa kushoto haukuweza, wa kulia ukaweza. Nikapiga kidogo kama mtu anayebisha hodi. Halafu mkono wa kulia, bila ya mimi kuutuma, ukarudi juu kwenye ubao, na pete ikagonga. Unaikumbuka pete ya mama, ya fedha, yenye akiki? Nnaivaa mimi. Ikagonga tatu, ikangoja, ikagonga mbili. Tatu, mbili.

Afra akanyanyua kichwa.

"Bibi, hiyo umeipata wapi?"

"Kwa mama yangu. Alikuwa akiigonga kwenye sinia kila akichagua mchele."

"Babu Thani anasema hiyo ni ya Kuba. Anasema kwenu haikuwapo."

"Babu yako alikuwa chuoni."

Ndivyo ilivyokuwa, ndugu yangu. Wakati wewe na wenzako mnasomeshwa Kurani kwa maalim, mimi mtoto wa kike niliyekwisha kuhitimu nilikuwa uani na akina mama. Bi Shariffa wa nyumba ya pili, ambaye mumewe alikuwa baharia, alikuwa na santuri ya kuzungusha kwa mkono na sahani alizoletewa kutoka kila bandari. Wanawake wakishafunga mlango wa uani na kuvua mabuibui, Bi Shariffa akizungusha. Za Misri zilikuwepo. Lakini zilizowanyanyua vitini zilikuwa za Kuba. Maneno hakuna aliyeyajua. Bi Shariffa akisema ni Kireno, mama akisema ni Kitaliana, na wakagombana juu ya hilo huku wanacheza. Mama yetu, Thani, ambaye wewe unamkumbuka na mswala na uradi, alikuwa akicheza rumba uani kwa Bi Shariffa, kanga kaifunga kiunoni. Ikikaribia saa yenu ya kutoka chuoni santuri inafunikwa kwa kitambaa cha meza, na mama anarudi nyumbani kuchagua mchele. Mdundo unabaki kwenye pete.

Uliusikia kila siku kabla ya chakula cha mchana, ukidhani ni sauti ya mchele.

Hilo hulijui, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nna kitu cha muziki ambacho wewe huna. Siwezi kukueleza nilivyofurahi. Afra alishika simu akurikodie, nikamkataza. Akaniomba, nikamkataza. Ijumaa ya leo ameniomba tena. Nikamwambia hapana, Babu yako asiupate kwenye simu, kama mtu anayeletewa chakula mlangoni.

Na hapo ndipo nilipojikamata mwenyewe. Kama sitaki uupate kwa simu, na mimi kwa goti hili siwezi kupanda ndege mbili kukufuata, basi iko njia moja tu.

Afra atakuja. Sami nimemwambia leo baada ya sala. Akanibusu kichwa, na Ruqaya, mkewe, akaenda jikoni kulia kwa sababu ni mama na ana haki yake. Atakuja mwezi wa Januari, inshallah.

Nna masharti. Ijumaa baada ya alasiri anipigie mimi simu, na nnakusudia alasiri ya Maskati, ambayo kwenu bado hamjaenda sala ya Ijumaa. Usijifanye umekosea saa. Asisafiri usiku barabarani. Ale samaki, kwani akizidiwa na nyama huumwa tumbo. Na Araba amwambie ukweli juu ya mambo yako, kwa sababu wewe utajisifu.

Ngoma haiji. Nimeshamwambia Afra na amekubali, nadhani kwa sababu aliniona nilivyoikalia. Accra kuna nyingine, mtafutie. Hii inabaki majlisi, ngozi mbele sasa, na kila Ijumaa nikishaongea naye nitaikalia nipige ninavyoweza, kwa mguu mmoja. Pete pia inabaki. Nitakapokufa atarithi vyote viwili, lakini sina haraka.

Anachokuletea kimo mkononi mwake. Tumekifanyia mazoezi wiki mbili hizi, yeye kwenye sinia na mimi kwenye ubao, mpaka Nakitto akatuuliza kama kuna harusi. Anaupiga kama mama, na pale katikati anapongoja, anangoja kama mama, zaidi kidogo kuliko unavyopenda wewe na zaidi kuliko walivyopenda wa Kuba. Akikupigia, kaa kimya. Utataka kumwambia kuwa amechelewa. Usimsahihishe.

Nisalimie sana wifi yangu Araba na watoto wenu, na wajukuu ambao majina yao nnayaandika pembeni ya Kurani yangu ili nisiwasahau katika dua. Sami, Ruqaya na Afra wanakusalimia. Bi Nawar anakusalimia na anasema kama una kigoda cha kweli umtumie yeye. Nakitto kasema "salimia Mzee," na anaomba radhi ya polishi.

Mungu akutulize mkono, akupe macho ya kumwona mtoto anaingia mlangoni kwako, na akujaalie masikio ya kuusikia mchele wa mama.

Ni mimi dada yako akupendaye, na wivu wangu wote,

Hamdiya